Kiu Chini ya Uluguru

Anayekuja Morogoro kwa basi kutoka Dar es Salaam huiona milima ya Uluguru kabla ya kuuona mji wenyewe. Mara nyingi vilele vimefunikwa na ukungu, na ukungu huo ndio maji yetu. Upande wa mashariki, kwenye miteremko iliyoielekea bahari, mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka; mjini, nyuma ya mlima, haifiki nusu ya hapo. Huko juu ndiko inakoanzia mito ya Mfizigo, Mvuha na Mgeta, inayoingia Ruvu, na Ruvu huinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mto Morogoro unashuka hadi katikati ya mji wetu. Ngerengere unajaza bwawa la Mindu. Watu kwa mamilioni wanakunywa maji ya mlima ambao wengi wao hawajawahi kuukanyaga.

Nilizaliwa upande wa Matombo, nikakulia kwa bibi, kisha maisha yakanileta mjini. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisumbuliwa na jambo moja: watu wazima wengi ninaowafahamu, chini ya mlima huu unaotiririka, wanaishi na kiu. Sisemi kiu ya ukame, ile inayokausha visima na kuletewa msaada. Ninasema kiu ya kila siku ambayo mwenyewe haitambui. Inamjia kwa sura ya kichwa kinachogonga saa tisa alasiri, choo kigumu, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, na sahani inayorudishwa jikoni nusu. Watu wa nyumbani wakiona mtu amekonda humwongezea chakula. Mimi nimefikia kuamini kwamba kwa mtu mzima habari ya lishe inaanzia kwenye kikombe: anakunywa nini, anakunywa saa ngapi, na ni kitu gani kinamzuia kunywa.

Kwa bibi hakuna aliyehesabu glasi. Maji ya kunywa yalikaa mtungini, kwenye kona yenye giza, kata imening'inizwa ukutani. Lakini maji mengi tuliyoyapata yaliingia mwilini pamoja na chakula. Asubuhi uji, au magimbi ya kuchemsha. Mchana shambani machungwa, miwa, na mafenesi msimu wake ukifika. Jioni ndizi mbichi zilizopikwa kwa nazi, mchuzi wake wa kutosha kunywa, au ugali na majani ya maboga, au mlenda. Siku za kulima watu wazima walibeba kibuyu cha togwa: uji wa mahindi au mtama uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke kidogo. Togwa ilikata kiu na kutia nguvu kwa wakati mmoja, na uchachu wake uliwapunguzia nafasi baadhi ya vimelea.

Ukivipima vyakula hivyo utashangaa. Chungwa ni maji kwa asilimia kama 87. Mchicha unapita 90, na tango linafika 95. Fenesi tunaloliona zito na la kushibisha lina maji zaidi ya asilimia 70. Uji ni maji zaidi ya asilimia 80. Mkate wa mjini, kwa upande mwingine, una maji kama theluthi moja tu, na andazi lina pungufu ya hapo. Mtu aliyeacha uji na magimbi akashika mkate na maandazi amepoteza vikombe kadhaa vya maji kwa siku bila kugusa kikombe. Mwili utamdai.

Sitaki mtu adhani ninasifia ya kale. Maji ya mtungi wa bibi yalitoka mtoni, na mtoni watu walioga na mifugo ilikunywa. Tuliharisha. Tulikuwa na minyoo. Minyoo aina ya safura hunyonya damu ukutani mwa utumbo, na mtu mzima mwenye nayo anaweza kula vizuri akabaki mweupe viganjani. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipokuja kwa redio na vikundi vya kusikiliza, watu wazima wa vijijini walikaa pamoja, wakasikiliza vipindi, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Mwaka huohuo ndipo ilipoanzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Naona fahari kwamba nchi maskini, iliyokuwa na miaka michache tu ya uhuru, ilimketisha mkulima na kumfundisha kwamba choo, maji na chakula ni habari moja. Tangu hapo tumevigawa. Maji yana ofisi yake, lishe ina ofisi yake, na choo kinabaki cha mwenye nyumba.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu habari hii ni mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama. Kwetu Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba ni mtu mzito. Alipofiwa na mkewe akaja kuishi nasi mjini, nyumba nzima ilijipanga kumtunza. Alipikiwa maharage, dona, mboga za majani, samaki, na nyama siku za Jumapili. Pamoja na hayo alikonda. Alikaa siku kadhaa bila choo. Ugali alimega mara tatu, mara nne, akasukuma sahani. "Nimeshiba, mwanangu," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu.

Alasiri moja ya mwezi wa kumi, joto la kabla ya vuli limetanda, akaanza kuniita kwa jina la mdogo wake aliyekwishafariki. Ndugu mmoja alisema ni malaria. Jirani akasema ni presha. Mwingine alinong'ona kwamba mzee katupiwa kitu. Tukampakia kwenye bajaji kwenda zahanati, na pale tukampata muuguzi, binti mdogo kabisa, aliyekuwa na maswali kuliko dawa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama."

"Leo umekwenda haja ndogo mara ngapi?"

"Mara moja. Alfajiri."

"Na jana ulikunywa maji kiasi gani?"

Mjomba alifikiri. "Nilikunywa chai asubuhi."

Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Ulimi wake ulikuwa mkavu na umepasuka, kwapa kavu pia, siku ambayo sisi wote tulikuwa tumelowa jasho. Alitundikiwa dripu, na kesho yake asubuhi alimtambua kila mtu, akaomba uji.

Baadaye, tumekaa wawili barazani, akanieleza. Choo chetu kilikuwa nje, nyuma ya nyumba, na ngazi zake mbili zilikuwa zikiteleza mvua ikinyesha. Tezi dume ilimwamsha usiku mara kwa mara. "Mzee kuanguka chooni usiku ni aibu ya nyumba nzima," alisema. Kwa hiyo aliamua mwenyewe, kwa heshima yake, kutokunywa kitu baada ya chakula cha mchana. Hakumwambia mtu.

Umri nao ulikuwa umeshaanza kumdai. Mtu mzima mwanamume ni maji kwa karibu asilimia 60 ya uzito wake, mwanamke pungufu kidogo kwa kuwa ana mafuta zaidi, na mzee hushuka hadi karibu nusu kwa sababu misuli imepungua, na misuli ndiyo ghala kubwa la maji. Figo za uzeeni hazina tena nguvu ile ya kubana maji. Zaidi ya hayo, kengele ya kiu yenyewe inalegea: mwili umekauka, lakini mwenyewe hasikii hamu ya kunywa. Kumwambia mzee anywe akisikia kiu ni kumwachia kazi ambayo mwili wake umeacha kuifanya.

Nacho chakula kinasimama. Mate tunayotoa kwa siku yanafika karibu lita moja au zaidi. Yakipungua, ugali unakuwa mzigo mdomoni. Nyuzinyuzi za dona na maharage, zile tunazozisifu kwa kulainisha choo, hufanya kazi hiyo zikiwa zimeloa; zikikosa maji zinakaa tumboni zikijaza bila kusogea, na tumbo lililojaa linamwambia mtu ameshiba. Protini na chumvi tunazokula huacha mabaki yanayohitaji mkojo kuyatoa, angalau nusu lita kwa siku. Ukimwongezea mtu mkavu nyama na maharage bila kumwongezea maji, unaziongezea figo zake kazi.

Tulifanya mambo madogo. Ngazi zilitiwa zege la kukwaruza na taa ikafungwa. Chini ya kitanda pakawekwa ndoo yenye mfuniko, na mjukuu mmoja akapewa kazi ya kuimwaga kabla watu hawajaamka. Vikombe viwili alfajiri, kimoja saa nne, uji saa kumi, mchuzi wa kutosha usiku, kisha basi. Chakula kilekile alichokuwa akikirudisha kikaanza kuisha sahanini. Hatukubadilisha kitu kingine. Uzito wake ulirudi taratibu, na habari za kutupiwa kitu hazikusikika tena.

Tangu hapo nimekuwa mwepesi kuona choo nyuma ya kila kiu. Wamama wanaoshuka na ndizi na mananasi kutoka Kinole na Mkuyuni huondoka usiku mkubwa, wakafika mjini kabla ya jua, wakauza hadi alasiri. Nimewauliza wengi. Karibu wote wananiambia hawanywi kitu hadi warudi nyumbani. Sababu ni mbili: choo cha kulipia kinakula faida ya ndizi, na choo cha bure hakimfai mwanamke. Aliye kwenye hedhi huvumilia zaidi. Wanakuja kuumwa kiuno na kuungua wakikojoa, wananunua dawa duka la dawa, wanapona, wanaumwa tena. Maambukizi ya njia ya mkojo yana sababu nyingi, lakini kubana mkojo na kunywa kidogo ni njia mojawapo ya kuyakaribisha. Hawa ndio wanaotulisha matunda mji mzima.

Safari za mbali ni hivyohivyo. Msamvu, kituo chetu kikuu cha mabasi, hupitisha watu wa Mbeya, Iringa, Dodoma, Mwanza. Msafiri mwenye akili hanywi, maana hajui dereva atasimama wapi watu wachimbe dawa, na mwanamke wa heshima hataki kuchimba dawa kichakani mchana kweupe. Saa nane au kumi kwenye kiti, dirishani joto, mkononi andazi na korosho za chumvi. Halafu tunashangaa mama akishuka miguu imevimba na kichwa kinamuuma.

Kuna wanaokunywa sana, lakini kinachoingia kinawakwaza. Nianze na chai, kwa kuwa naipenda na sitaki mtu anisikie vibaya. Chai inatia maji mwilini. Ile habari kwamba inakausha imetiwa chumvi. Tatizo ni wakati wake. Majani ya chai yana tanini, na tanini hukamata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, mchicha na dona kabla mwili haujayachukua. Chai ikinywewa pamoja na mlo wa aina hiyo inaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16 ulikuta karibu wanawake 45 katika kila 100, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Malaria ina mchango wake, minyoo pia, uzazi wa karibukaribu pia. Lakini tazama mlo wa mama wa kawaida wa mjini: wali maharage na chai kali. Chai hiyohiyo ikisogezwa saa moja baada ya kula, na nafasi yake ikachukuliwa na chungwa la Matombo, vitamini C ya chungwa inakisaidia chuma kilekile kuingia. Hapo hakuna gharama mpya. Sijui ushauri mwingine wa lishe wenye faida kubwa kiasi hiki kwa bei ndogo hivi, na inaniuma kuona kliniki nyingi haziutoi.

Soda ni mbaya zaidi, na siipambi. Kila mililita 100 za soda nyingi zina karibu gramu 10 za sukari; chupa ya mililita 350 ina kama vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ni vizuri zaidi isizidi 5. Kwa mtu mzima hiyo 5 ni kama gramu 25, kwa hiyo chupa moja imeshaipita. Kijana wa bodaboda pale kwenye kona anakunywa mbili au tatu kwa siku kwa sababu anatokwa jasho na kiu ni ya kweli. Kiu yake ingeisha kwa maji ya shilingi chache. Na soda zikishamshibisha, mama lishe anauza sahani moja pungufu: mboga na maharage ambayo mwili wa kijana ungeyahitaji.

Kwa wanaofanya kazi ya sulubu mkoa wetu una la kujifunza kutoka mbali. Morogoro ni mkoa wa miwa, Kilombero na Mtibwa. Huko Nicaragua na El Salvador, wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala presha, wamekufa kwa ugonjwa wa figo. Watafiti bado wanajadili visababishi vyote, lakini joto kali, kazi nzito na kukauka mwili siku baada ya siku vimo katikati ya mjadala. Pale waajiri walipoanza kuwapa wakata miwa maji ya kutosha, kivuli na muda wa kupumzika, kuumia kwa figo kulipungua. Kazi nzito juani inaweza kumtoa mtu lita nzima ya jasho kwa saa moja. Chupa ndogo iliyotundikwa kwenye baiskeli haimtoshi mkulima wa tambarare za Kilosa kuanzia alfajiri hadi adhuhuri.

Watu huniuliza: kiasi gani basi? Zile glasi nane zinazotajwa kila mahali si sheria ya mwili. Mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula ilipendekeza mwaka 2010 lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume kwa siku, kwa wanaoishi kwenye hali ya hewa ya wastani, na ndani ya hesabu hiyo yamo maji ya kwenye chakula na vinywaji vyote. Mama anayenyonyesha anahitaji zaidi, na joto la Morogoro linaongeza, jembe linaongeza. Mtu wa Mgeta, kule juu kwenye baridi na kabichi, anahitaji pungufu ya mtu wa Mvuha, kule chini kwenye joto. Kipimo kilicho karibu na kila mtu ni mkojo: ukiwa na rangi ya njano ya kufifia, umekunywa, ukikolea, ongeza. Mwenye moyo dhaifu au figo zilizoshindwa asifuate maneno yangu wala ya jirani, afuate ya daktari wake, maana maji mengi yanaweza kumuua. Hata mzima asijimwagie lita nyingi kwa mkupuo. Chumvi ya damu ikichujuka kupita kiasi, ubongo unavimba.

Wenzetu wanaofunga Ramadhani wana hekima ambayo ningependa itufikie wote. Uji wa pilipili manga, pilipili yenyewe ikitoka kwenye miteremko yetu, tende, mihogo ya nazi yenye mchuzi, tikiti maji, kisha maji kidogo kidogo hadi daku. Ni mlo uliopangwa na watu wanaojua mwili uliokauka unataka nini kwanza.

Nayo maji yawe salama. Kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam Agosti 2015 kilifika Morogoro pia, mji ulioegemea mlima wenye chemchemi. Maji yakichemka sawasawa na kuhifadhiwa kwenye chombo chenye mfuniko na bomba la kufungulia, mkono hauingii. Maji yaliyochemshwa kisha yakatekwa kwa kikombe cha kila mtu yameshaharibika. Na kuhara kwa mtu mzima kunakomba chumvi na chakula pamoja na maji, kwa hiyo kila nyumba iwe na pakiti ya chumvichumvi ya kuchanganya na lita moja ya maji safi.

Wewe uliye na mzee nyumbani, muulize leo, kwa adabu na faraghani, kama choo kinamwogopesha, na umtengenezee njia kabla hujamnunulia dawa ya kuongeza hamu ya kula. Wahudumu wa afya, mkimpima mtu mzima uzito, muulizeni pia anakunywa nini na anakunywa saa ngapi. Na ninyi mnaopanga bajeti za masoko na vituo vya mabasi katika mkoa huu, wekeni vyoo safi vya wanawake, vyenye maji, mlango unaofungwa na bei ambayo muuza ndizi ataimudu, kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele.